Kaunsili imekuchosha? Jinsi ya kufika kwa Ombudsman huku Uingereza na kuyasoma maamuzi yake kabla hujaandika chochote

Ndugu zangu, hii nimeiandika kwa ajili ya watu wetu tunaoishi huku Uingereza, manake simu zinazonijia ni zilezile. Mtu anakwambia nimeomba msaada wa nyumba kaunsili (halmashauri ya eneo) wananizungusha mwezi wa saba huu, mwingine mtoto wake ana mahitaji maalum shule hana na barua hazijibiwi, mwingine ni mama mzee pipa lake la takataka linarukwa kila wiki na ya majirani yanachukuliwa, na wote wanamalizia kwa neno moja, sasa utamshtakia nani, si ndo serikali yenyewe hiyo.

Yupo wa kumshtakia. Anaitwa Local Government and Social Care Ombudsman, ni bure kabisa, huhitaji wakili, na ana nguvu ya kuidai kaunsili mafaili na kuwahoji watu wake kama Mahakama Kuu inavyoweza. Yupo kwa sheria ya mwaka 1974, zamani ilibidi lalamiko lipitie kwa diwani ila tangu 1988 unaenda mwenyewe moja kwa moja. Neno lenyewe ni la Kiswidi, Sweden walianza mwaka 1809, lakini msidhani ni jambo geni kwetu, Tanzania ilikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi tangu 1966, ya kwanza ya aina yake Afrika, na Kenya leo wana Tume ya Haki ya Utawala ambayo watu wanaiita tu Ombudsman. Kwa hiyo kumpelekea mtu wa tatu malalamiko ya ofisi ya umma tunakujua, tatizo letu huku ni kwamba hatujui njia.

Na ntawaambia ukweli, mara ya kwanza mimi nilishindwa. Niliwaandikia kaunsili yangu kurasa nane, nimemwaga uchungu wote humo, jinsi yule dada wa mapokezi alivyonijibu, jinsi nilivyolia kwenye basi, kila kitu kasoro tarehe. Nikapeleka kwa Ombudsman, nikarudishiwa barua fupi kwamba hatutachunguza. Iliniuma sana. Miezi baadae ndo nikakaa chini nikaanza kusoma maamuzi yao ya watu wengine, moja baada ya jingine, usiku watoto wakishalala, na hapo nikaelewa kitu ambacho nataka ukishike kabla hujaendelea kusoma: huyu mtu anauliza maswali mawili tu. La kwanza, je kaunsili ilikosea katika namna ilivyofanya kazi yake? La pili, kosa hilo limekuletea wewe madhara gani? Haulizi kama uamuzi wa kaunsili ni mzuri au mbaya. Kama walifuata utaratibu, wakaangalia ushahidi wote, wakakupa sababu, alafu wakaamua vitu usivyovipenda, hapo hana la kufanya. Kila hatua ninayoandika hapa chini inahudumia maswali hayo mawili.

Hatua ya 1: Jua kaunsili yako ni ipi, na ni nani mwenye kazi hiyo

Inaonekana kitu kidogo lakini watu wengi wanapotelea hapa. London na miji mikubwa una kaunsili moja inafanya yote. Lakini sehemu nyingine kuna mbili juu ya kichwa chako, ya wilaya ndo inashika takataka, nyumba, kodi ya kaunsili na vibali vya ujenzi, na ya kaunti ndo inashika barabara, shule, na huduma za jamii za watoto na wazee. Ukimlalamikia wa wilaya kuhusu mtoto wako kukosa shule unapoteza wiki nne bure. Kuna na zile kaunsili ndogo kabisa za parokia na miji midogo, hizo Ombudsman huyu hazigusi.

Na kingine, Ombudsman huyu anashika England tu. Aliyeko Uskoti, Wales au Ireland Kaskazini ana ombudsman wake wa huko, utaratibu unafanana lakini mlango ni mwingine.

Hatua ya 2: Hakikisha huo ndio mlango wako

Hapa naomba usome taratibu manake ndipo malalamiko mengi yanapofia. Kuna mambo ambayo sheria imeshakupa njia ya rufaa, na kama njia ipo, kwa kawaida Ombudsman atakwambia kaitumie hiyo.

Faini ya maegesho: ukishaipinga kwa kaunsili wakakataa, rufaa inaenda London Tribunals kama uko London, nje ya London ni Traffic Penalty Tribunal. Unabishana na kodi ya kaunsili, kwamba hutakiwi kulipa au punguzo wamekunyima: unaiandikia kaunsili kwanza, halafu ni Valuation Tribunal. Housing benefit, ule msaada wa kulipa kodi ya nyumba: baraza la rufaa. Umeomba kibali cha kujenga wamekukatalia: Planning Inspectorate. Hukubaliani na yaliyoandikwa ndani ya mpango wa elimu wa mtoto mwenye mahitaji maalum, ule unaoitwa EHCP: baraza la SEND, yaani la rufaa za elimu ya mahitaji maalum. Wamekuambia huna haki ya kusaidiwa kama mtu asiye na makazi: una siku 21 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na siku 21 ni siku 21, usije ukasema nilikuwa nasubiri Ombudsman.

Na kama wewe ni mpangaji wa nyumba ya kaunsili na shida yako ni bomba linavuja, ukungu ukutani, boila imekufa, huyo si wake, huyo ni wa Housing Ombudsman, ofisi nyingine kabisa. Lakini kama shida ni ombi lako la kupata nyumba, foleni, pointi, au walivyokushughulikia ulipokosa pa kulala, hapo ni huyu wetu.

Sasa angalia, kila sehemu niliyotaja kuna upande wa pili. Baraza la SEND linashika kilichoandikwa kwenye mpango, lakini kaunsili ikichelewa kuutoa (sheria inawapa wiki 20 tangu ombi mpaka mpango wa mwisho), au ikishautoa isitekeleze kilichomo, hiyo ni kazi ya Ombudsman. Aliyenyimwa kibali cha kujenga ana rufaa, jirani yake hana, kwa hiyo jirani ambaye kaunsili ilipuuza pingamizi lake anaweza kulalamika kwa Ombudsman, ingawa asitegemee ukuta utabomolewa, kibali Ombudsman hawezi kukifuta. Ukiona swali lako limekaa kwenye kuchelewa, kupuuza, kutojibu, kutotekeleza, kupoteza karatasi, mara nyingi uko kwenye mlango sahihi.

Mambo yaliyokwisha fika mahakamani hayagusi, wala mgogoro wako wa kazi kama wewe ni mfanyakazi wa kaunsili.

Hatua ya 3: Fungua daftari la tarehe

Leo hii, kabla hujamwandikia mtu. Daftari la kawaida au notisi za simu, haijalishi. Kila simu: tarehe, saa, jina la uliyeongea naye, alisema nini, namba ya kumbukumbu. Kila emaili usifute. Ukipigiwa simu na kuambiwa jambo, ukikata tu waandikie emaili ya mistari miwili, kwamba leo tumeongea na umeniambia hivi, kama nimekosea nirekebishe. Wasipojibu, hiyo emaili yako ndo kumbukumbu pekee iliyopo na itakusaidia sana.

Kama umeshachelewa na hujaandika chochote usikate tamaa, una haki ya kuomba kaunsili ikupe taarifa zako zote walizonazo, ni bure na wana mwezi mmoja kukupa. Waandikie tu unaomba nakala ya taarifa zako binafsi, pamoja na rekodi za simu na maandishi ya ndani. Mara nyingi humo ndimo utakuta afisa mwenyewe kaandika "tumechelewa kesi hii".

Na daftari lina sababu nyingine kubwa, ambayo ni miezi 12. Ombudsman anataka umfikie ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Akiona sababu nzuri anaweza kurudi nyuma zaidi, ugonjwa mkubwa kwa mfano, lakini usiitegemee hiyo. Wetu wengi tunavumilia mpaka tunachoka ndo tunalalamika, na tunapochoka mwaka umeshapita.

Hatua ya 4: Lalamika kwa kaunsili kwanza, rasmi

Simu kumi ulizopiga hazihesabiki kama lalamiko. Kuripoti pipa halijachukuliwa ni kuomba huduma, na kulalamika kwamba umeripoti mara sita hakuna kilichobadilika, hilo ndo lalamiko. Andika neno lalamiko juu kabisa, kwa Kiingereza chao ni "complaint", wasije wakaliita maoni.

Kaunsili nyingi zina ngazi mbili. Mwaka 2024 Ombudsman alitoa mwongozo kwa kaunsili zote jinsi ya kushughulikia malalamiko, unasema ngazi ya kwanza wajibu ndani ya siku 10 za kazi na ya pili ndani ya siku 20 za kazi, zikihesabiwa tangu walipokiri kulipokea. Huduma za jamii za watoto zina njia yao ya ngazi tatu, ndefu zaidi. Ukijibiwa ngazi ya kwanza na hukuridhika, usiandike lalamiko jipya, jibu kwamba hujaridhika kwa sababu moja, mbili, tatu, na unaomba ngazi ya pili. Wakimaliza wakupe barua inayosema hili ndo jibu letu la mwisho na unaweza kwenda kwa Ombudsman. Wakikaa kimya je? Ombudsman kwa kawaida anaona wiki 12 zinatosha kaunsili kumaliza ngazi zake, zikipita hujajibiwa nenda kwake hivyohivyo na ushahidi kwamba uliwaandikia.

Barua yenyewe iwe fupi. Mimi sasa hivi nikimsaidia mtu sizidishi ukurasa mmoja na nusu, na mpangilio ni huu, unaweza kuuazima:

"Nalalamika kuhusu takataka kutochukuliwa nyumbani kwangu. Nimesajiliwa kwa msaada wa kutolewa pipa mlangoni kwa sababu ya ulemavu. Kati ya tarehe 4 Machi na 27 Mei halikuchukuliwa mara 9, tarehe zote ziko chini na namba za ripoti. Tovuti yenu inasema mkiarifiwa mtarudi kuchukua, mara 7 hamkurudi. Matokeo yake nimelazimika kumwomba mtu abebe takataka, na mara mbili nimeanguka nikijaribu mwenyewe. Naomba mniombe radhi, mnieleze kwa nini inatokea, na mnihakikishie kwa maandishi mtaifuatilia njia hii ya ukusanyaji kwa muda gani."

Umeona? Kilichotakiwa kufanyika, kisichofanyika, kilichonipata, ninachotaka. Hakuna tusi, hakuna "mnanibagua" lililotupwa tu hewani. Kama unaamini kuna ubaguzi sema, ila eleza ni tukio lipi, nani alisema nini, manake neno hilo peke yake bila tukio linawafanya wajibu hilo tu na mengine wayaache.

Hatua ya 5: Wakati unasubiri jibu, soma maamuzi

Hii ndo hatua ambayo hakuna anayekwambia na kwangu ndo yenye uzito kuliko zote. Maamuzi ya Ombudsman yanawekwa wazi kwenye tovuti yake, lgo.org.uk, kwa kawaida wiki sita baada ya kutolewa, majina ya watu yamefichwa utaona tu Bi X, Bwana Y, lakini kaunsili inatajwa kwa jina. Unaweza kutafuta kwa jina la kaunsili yako au kwa aina ya tatizo. Anza na kaunsili yako. Tafuta tatizo lako. Soma hata matano.

Ukiufungua uamuzi, juu kabisa kuna muhtasari wa sentensi chache. Chini yake lalamiko lilikuwa nini. Kisha sehemu ya mamlaka ya Ombudsman, hiyo mara nyingi inajirudia kila uamuzi, unaweza kuipita ukishaisoma mara moja. Halafu inakuja sehemu ya sheria na sera, na hapo simama. Hapo wanakuandikia bure kile ambacho wakili angekutoza, yaani kaunsili ilitakiwa kufanya nini, kwa sheria ipi, ndani ya siku ngapi. Nakili. Inafuata hadithi ya tukio kwa tarehe, kisha uchambuzi, na mwisho hatua ambazo kaunsili imekubali kuchukua.

Ukiona neno "upheld" maana yake kosa limepatikana. "Not upheld" kosa halikupatikana. Na kuna mengine mengi mafupi sana yanasema hatutachunguza, na hayo usiyaruke, yasome kuliko yote, manake ndo yanakuonyesha wenzako walikwama wapi: alichelewa, alikuwa na rufaa, madhara ni madogo, au kaunsili ilishaomba radhi na kulipa kinachotosha. Mwaka 2023-24 asilimia 80 ya kesi zilizochunguzwa kwa kina zilikutwa na kosa, kwa hiyo mlima mkubwa sio kushinda uchunguzi, mlima ni kuingia kwenye uchunguzi.

Ngoja niwape mfano nilioushuhudia. Dada mmoja, mama wa watoto wawili, aliwekwa na kaunsili kwenye chumba kimoja cha hoteli, jiko na bafu wanachangia na wageni. Akakaa humo wiki 19. Alipokuja kwangu lalamiko lake lilikuwa la kelele, mashuka machafu, meneja mkali, na kaunsili ilishamjibu kwamba wameongea na hoteli. Tukakaa tukasoma maamuzi ya familia nyingine, na ndani ya uamuzi wa pili tu tukakuta kwamba familia yenye watoto au mjamzito haitakiwi kukaa kwenye hoteli ya namna hiyo zaidi ya wiki sita, na ni sheria, tangu amri ya mwaka 2003. Dada wa watu hakuwahi kujua. Tukaandika upya lalamiko, mashuka tukayaacha mstari mmoja, tukaweka tarehe ya kuingia, tarehe wiki sita zilipotimia, na kila wiki iliyozidi watoto waliishi vipi, shule walifika saa ngapi, chakula walikula wapi. Alishinda. Akaombwa radhi kwa maandishi na akalipwa kwa muda wote uliozidi zile wiki sita. Shida zake zilikuwa zilezile za mwanzo, tulichobadilisha ni kuziweka mahali ambapo sheria imechora mstari.

Kwa hiyo unaposoma, tafuta mstari huo. Kwa familia iliyowekwa hotelini ni wiki sita. Kwa mpango wa elimu wiki 20. Kwa tatizo lako nawe kuna namba mahali fulani, na kama hakuna kwenye sheria basi iko kwenye sera ya kaunsili yenyewe kwenye tovuti yao.

Hatua ya 6: Peleka kwa Ombudsman

Fomu iko mtandaoni, unafungua akaunti unajaza, asiyeweza anapiga simu. Kama Kiingereza kinakupa shida au una ulemavu waambie mapema unahitaji msaada gani, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yako ukimpa idhini ya maandishi, mtoto mkubwa, mtu wa msikitini au kanisani, yeyote unayemwamini.

Najua swali ambalo watu wanaliogopa kuuliza, ni la viza. Nimesikia watu wanasema ukilalamika utaonekana msumbufu, makaratasi yako yataguswa. Kazi ya Ombudsman ni kuikagua kaunsili, hakuwekwa pale kukagua hali yako ya uhamiaji, na mtu anayeishi kwenye eneo na ameathirika na huduma ya kaunsili ana haki ya kulalamika. Naumia sana nikiona mama anakaa na mtoto hana shule miezi nane kwa hofu hiyo tu.

Weka lalamiko lako, barua zote za kaunsili hasa ile ya mwisho, na orodha ya tarehe ya ukurasa mmoja. Usitume picha 60. Kwenye kisanduku cha unataka nini, kuwa mkweli na angalia anachoweza kutoa. Hawezi kumfukuza mtu kazi. Hawezi kukupa nyumba kwa kuwaruka wengine kwenye foleni. Anaweza kusema uombwe radhi, ulipwe, uamuzi ufanywe upya kwa njia sahihi, wafanyakazi wafundishwe, utaratibu ubadilishwe kwa wote.

Kuhusu pesa, ana mwongozo wake wa fidia upo wazi. Kwa mfadhaiko na usumbufu kwa kawaida ni mpaka pauni 500. Mtoto aliyekosa elimu au msaada wa shule ni kati ya pauni 900 na 2,400 kwa muhula. Kukaa kwenye makazi yasiyofaa ni kati ya pauni 150 na 350 kwa mwezi. Ukiandika unataka pauni 50,000 hawatakukatalia lalamiko kwa hilo, ila utakuja kuumia mwenyewe uamuzi ukitoka. Na kama kosa lilikufanya utoe hela mfukoni, risiti weka, hiyo ni hesabu tofauti na mfadhaiko.

Hatua ya 7: Tathmini ya mwanzo

Hapa anaangalia tu kama atachunguza. Andika madhara yako vizuri manake pipa lililorukwa mara moja halimpeleki popote. Wakisema hapana, soma sababu. Kama ni "kaunsili haijamaliza" basi rudi umalize kisha uje tena.

Hatua ya 8: Rasimu ya uamuzi, usilale hapa

Ukikubaliwa utapewa mchunguzi. Anaiuliza kaunsili maswali, anachukua mafaili, inaweza kuchukua miezi, kuwa mpole lakini usipotee, ukibadilisha namba ya simu au anwani mwambie siku hiyohiyo.

Halafu siku moja inakuja emaili ina rasimu, yaani anachofikiria kuamua, na inaenda kwako na kwa kaunsili kwa pamoja ili mseme neno. Unapewa siku chache. Watu wengi wakiona rasimu haiwapendezi wanakasirika wanafunga kompyuta, na wengine wakiona inawapendeza wanafurahi hawajibu, na wote wanakosea, kwa sababu kaunsili hailali, kaunsili ina mtu kaajiriwa kazi yake ni kujibu hizo rasimu.

Fanya hivi. Ichapishe, aya zake zina namba. Pitia na daftari lako mkononi, aya kwa aya, tarehe kwa tarehe. Ukikuta kosa la ukweli, andika: aya ya 14 inasema kaunsili ilinipigia tarehe 2 Juni, hawakunipigia, angalia emaili yangu ya tarehe 5 Juni nikiuliza kwa nini sijapigiwa, nimeiambatanisha. Ukikuta ameacha jambo kubwa, taja jambo na ushahidi wake. Ukikuta madhara yako ameyaona madogo, usiandike tu "nimeumia sana", andika kilichotokea: mtoto alikosa wiki 11 za shule, niliacha kazi ya asubuhi tangu tarehe fulani, barua ya daktari hii hapa. Kwenye kesi moja nilipomsaidia baba mmoja, kaunsili ilikuwa imemwambia mchunguzi kwamba barua ilitumwa mwezi wa pili, sisi tulikuwa na bahasha yenye muhuri wa posta wa mwezi wa nne, bahasha tu jamani, ile ambayo kila mtu anaitupa, na uamuzi wa mwisho ukaja tofauti na rasimu. Tangu siku hiyo mimi bahasha za kaunsili situpi.

Kitu ambacho rasimu haitabadilika kwacho ni kurudia maneno yaleyale ya lalamiko lako kwa herufi kubwa.

Hatua ya 9: Uamuzi umetoka

Ukishinda, chini ya uamuzi kuna hatua kaunsili imekubali na siku za kuzitekeleza, mara nyingi mwezi mmoja kwa radhi na malipo, na muda mrefu zaidi kwa kurekebisha taratibu zao. Kisheria kaunsili hailazimishwi kutii mapendekezo, watu wakisikia hivyo wanavunjika moyo, lakini kwa vitendo karibu zote zinatii, kwa sababu ikikataa Ombudsman anaweza kutoa ripoti ya hadhara ambayo kaunsili inatakiwa kuijadili rasmi na kuitangaza kwenye magazeti, na hakuna mkuu wa kaunsili anayetaka kukaa mbele ya madiwani kuelezea hilo.

Ukishindwa, na unaona kosa la wazi katika ukweli au ushahidi mpya ambao usingeweza kuutoa mapema, omba uamuzi upitiwe, fanya ndani ya mwezi mmoja. Kutokubaliana tu hakutoshi. Zaidi ya hapo ni mahakama, mapitio ya kimahakama, na huko muda ni mfupi, haraka iwezekanavyo na isizidi miezi mitatu, na hapo kweli utahitaji wakili.

Yule mama mzee wa pipa, nilimaliza nae mwezi uliopita. Kaunsili ilikubali kuifuatilia njia yao ya ukusanyaji kwa wiki kadhaa na kumpa namba ya msimamizi. Tumebandika kalenda mlangoni jikoni, kila wiki anaweka alama, limechukuliwa au halijachukuliwa. Wakikiuka walichokubali, huanzi lalamiko upya kuanzia ngazi ya kwanza, unamwandikia Ombudsman kwa namba ya kesi ileile, kwamba tarehe fulani walitakiwa kufanya hivi na hawajafanya, na yeye ndo anawafuata.